Mama Odette na Sauti ya Pipa

Mimi Ciza, mpiga besi, nina miaka sabini na sita. Nimeishi kuliko orchestre yangu ya Uvira, maana katika wote tuliopanda jukwaani pamoja nimebaki peke yangu. Nimeishi kuliko vita mbili na baiskeli nyingi. Sahani za muziki, zile nyeusi tulizoita disque, zilikufa nikiziangalia. Kaseti ikafa. CD nayo iko kitandani inapumua kwa shida, na mimi bado niko, na kidole gumba changu bado kina nguvu. Kwa hiyo katibu wa kamati aliposema karatasi hii ya sherehe iandikwe na mtu mwenye kalamu nzuri, nilikataa. Nilimwambia: kalamu yako nzuri ilikuwa wapi siku Mama Odette anashusha mikrofoni ndani ya pipa? Akanipa karatasi. Njo maana mnasoma maneno ya Ciza, yaliyoandikwa na Ciza. Kama herufi fulani imekaa vibaya, mpite, msonge mbele.

Sasa habari yenyewe. Mama Odette Nabintu anastaafu Jumamosi, tarehe 30 Novemba 2019, baada ya miaka kumi na tano ya kuongoza studio ya kanisa letu hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi. Hakufukuzwa. Hagonjwi. Hakupata ndege ya kwenda Canada, kama wengine walivyoanza kunong'ona kwenye bomba la maji. Amesema tu kwamba masikio yake yameshiba, na mtu aliyeshiba anaondoka mezani akiwa bado anacheka.

Alizaliwa Kadutu, mtaa wa Bukavu, kule Kongo. Baba yake alikuwa fundi wa mashine za kupigia sahani, na baa zote za mtaa zilimletea zikiharibika. Usiku mama alikataza kelele nyumbani. Basi baba alipojaribu mashine kwa sauti ndogo kabisa, binti yake alipiga magoti na kung'ata kona ya sanduku la mbao, ili muziki upande kwa meno mpaka kichwani. Msicheke. Jaribuni nyumbani, mtasikia besi vizuri kuliko kwa sikio. Ndivyo alivyojifunza muziki wote wa zama zetu: magitaa matatu yanayoongea kama wanawake watatu kwenye uzio mmoja, sauti zenye mwangwi kama zinatoka chumba cha jirani, na baadaye, miaka ya themanini, vinanda vya umeme vyenye makofi ya mashine, pa, pa, ambayo kila mtu alisema ni maendeleo.

Vita ilipokuja tulikimbia. Mtu alibeba sufuria, alibeba mtoto, alibeba godoro kama alikuwa na bahati. Sikumwona hata mmoja aliyebeba sahani ya muziki. Mama Odette alifika Dzaleka akauza mandazi sokoni, na akiwa anakanda unga alipiga ngoma kwa vidole kwenye beseni. Mimi nilikuwa mteja wake. Siku moja nilisimama na mandazi mdomoni nikamwambia: mama, hiyo besi umeikosea, inaingia mapema kidogo. Akaniangalia kutoka kofia mpaka viatu. Akasema: "Vieux, mzee yangu, mimi sikosee. Wewe njo ulizoea kuchelewa." Tukabishana mpaka mafuta yakaungua. Urafiki wetu ulianza hapo, na mpaka leo ninasema iliingia mapema.

Mwaka 2004 wamisionari fulani waliokuwa wanarudi kwao waliachia kanisa letu kinanda kidogo cha zamani, mashine ya kunasa sauti kwa kaseti, na mikrofoni mbili. Hakuna aliyejua kuvitumia. Wazee waliuliza kanisani nani anaweza, na kabla swali halijafika mwisho Mama Odette alikuwa amesimama, mikono bado ina unga. Walimpa chumba kilichokuwa nyuma ya kanisa. Alikifunika kuta zote kwa yale mablanketi ya kijivu ya msaada, na wakati wa joto ndani mle tuliiva kama ndizi.

Wengi wananiuliza sauti ya Mama Odette ni nini hasa, kwa nini wimbo wake ukianza tu, hata ukiwa barabarani, unajua ni wake. Nitasema, maana nilikuwepo. Kwanza ni ile besi, na besi ni mimi. Anaiweka mbele ya kila kitu, mbele hata ya mwimbaji, kama walivyofanya wakubwa wa zamani. Halafu kile kinanda: kina kitufe cha makofi ya mashine, yale yale ya miaka ya themanini, na yeye anayaweka mahali pamoja tu katika wimbo, mwishoni mwa kiitikio, kama mtu anayeweka chumvi. Wanawake watatu wa kuitikia wanasimama mbele ya mikrofoni moja. Mwenye sauti kubwa anarudi nyuma hatua mbili, hakuna kurekebisha kwa mashine. Na ubeti ukishaisha, magitaa yanafunguka na wimbo unaanza kukimbia. Hiyo sisi tunaita sebene, na hapo hata aliyekuja kanisani kulala anaamka.

Lakini kubwa kuliko yote ni pipa. Ule mwangwi wa zamani, wa sauti inayotoka chumba cha jirani, mashine yetu haikuwa nao. Mama Odette alichukua pipa la chuma lililokuwa na mafuta ya kupikia, akalisafisha kwa majivu, akaweka spika ndogo kwenye mdomo wa pipa na mikrofoni akaining'iniza ndani kwa kamba. Sauti ilishuka, ikazunguka, ikarudi imezeeka. Nilipoisikia mara ya kwanza nilitoka nje nikasimama peke yangu kidogo. Niliwaambia watu ni vumbi limeniingia machoni.

Kuna siku jirani yetu Annuarite aliliona pipa, akafikiri ni la maji, akatufanyia wema akalijaza karibu robo. Hatukujua. Tulipiga wimbo wa ubatizo na mwangwi ukatoka mwepesi, unacheka. Mama Odette akachungulia ndani, akasema maji yabaki. Tangu siku ile njo sheria yake: wimbo wa kilio, pipa tupu, wimbo wa furaha, maji robo. Na kwenye kaseti ya pili kuna kuku anayelia katikati ya sala. Tulimwomba amtoe. Alisema kuku aliingia kwa wakati wake, kuliko besi fulani. Alikuwa ananisema mimi.

Vijana hawakupenda. Wakati ule kila kijana alitaka midundo ya kompyuta, ile inayopiga kama mtu anagonga mlango wa bati. Mwimbaji mmoja, Vainqueur, sauti nzuri sana, alikuja studio, akasikiliza, akashika pua. Akasema: "Mama, hii muziki inanuka naftalini, kama nguo ya mu sanduku." Mama Odette hakuinuka hata kitini. Akamjibu: "Na ya kwako inanuka plastiki mupya. Tutaona gani itafika mwisho wa muvua." Vainqueur akaenda zake Lilongwe kutafuta studio ya kompyuta. Mtamkuta tena mbele huko.

Taabu kubwa ilitoka kwa wazee. Mwaka 2009 korali yetu, Korali Asubuhi Njema, ilialikwa Lilongwe kwenye kusanyiko la makorali. Kwetu wimbo hauvuki kambi kabla baraza la kanisa halijausikia na kuukubali. Na hapo alisimama Shemasi René. Lazima niwaeleze Shemasi René ni nani. Ni mtu wa Bukavu pia, mtu wa suti ya kahawia na soksi zinazofanana, mtu wa kuheshimiwa. Siku alipookoka, kule nyumbani, alifanya kama ilivyokuwa desturi yetu: alileta sahani zake zote za muziki wa dunia, akazivunja kwa goti mbele ya kanisa zima, moja moja, na kila moja aliitaja jina. Mtu wa namna hiyo akisema wimbo ni wa baa, watu wanamsikiliza.

Na alisema. Alisema wimbo usiende. Alisema zaidi: kinanda kiuzwe mjini Dowa Boma, chumba kifanywe stoo ya viti, na Mama Odette arudi kwenye mandazi yake, ambayo, alisema, yalikuwa mazuri. Nilimwona Mama Odette akishika kaseti yake kwa mikono miwili. Miaka mitano ya kazi, sauti zote zile alizozivusha mpaka, zilikuwa zimewekwa juu ya meza ya baraza kama nyama inayosubiri kisu.

Nitaandika walivyosema, maana kwa maneno yangu mwenyewe mtafikiri ninaongeza.

Shemasi akasema: "Bandugu, hii haiko sauti ya kanisa. Hii besi inatembeza kiuno. Na ile makofi ya mashine ni ya Kadutu, samedi soir, Jumamosi usiku, saa batu bamekwisha kulewa."

Mama Odette akasogea mbele. "Papa Shemasi, hiyo saa ya kulewa, nani alikuelezea?"

"Mi nilikuwa mu dunia, sifiche. Lakini disque zangu nilivunja zote. Muliona!"

"Nilisikia, baba. Ulivunja zote?"

"Zote!"

"Na ile ya mu kichwa?"

Baraza likachekacheka kidogo chini kwa chini. Shemasi akasema yeye kichwani ana zaburi tu. Basi Mama Odette akasema vizuri, tusikilize wimbo, kila mtu ahukumu. Akabonyeza mashine. Wimbo ulikuwa wa shukrani, pipa lina maji robo. Shemasi alikaa wima, mikono juu ya Biblia, uso kama ukuta. Ubeti wa kwanza, ukuta. Kiitikio, ukuta. Nikasema moyoni tumekwisha. Sebene ikafunguka, besi yangu ikaingia, mbele, mahali pake, na makofi ya mashine yakafuata.

Hapo katikati ya sebene, bila kuonya mtu, Mama Odette akazima.

Chumba kikawa kimya. Lakini si kimya chote. Chini ya meza kulikuwa na kiatu kinaendelea. To, to-to. To, to-to. Kisigino cha Shemasi René kilikuwa kinapiga sakafu kwa wakati wake kabisa, na kilifika mpaka mahali pa makofi, kikayapiga na makofi. Yeye mwenyewe hakujua. Uso bado ulikuwa ukuta. Watu wote waliinama kuangalia chini ya meza, pasta akiwa wa kwanza.

Mama Odette akauliza kwa sauti ya upole kabisa: "Papa Shemasi, muziki imesimama. Muguu yako inafuata nani?"

Shemasi akauangalia mguu wake kama wa mtu mwingine. Na kabla hajajibu, mke wake Mama Antoinette, aliyekuwa amekaa na wanawake nyuma, akasema: "Mumuache. Ile muguu naijua. Njo ile ilinioa."

Jamani. Pasta alivua miwani akajifuta macho kwa tai. Wanawake walipiga vigelegele. Mimi nilicheka mpaka bretelle, mkanda wa begani wa suruali yangu, ikafunguka, muulizeni yeyote. Hukumu ilitoka hapo hapo: wimbo uende Lilongwe, kinanda kibaki, studio ibaki, na Shemasi René asafiri pamoja nasi awe mlinzi wa adabu.

Alilinda kwelikweli. Tulipata karatasi za ruhusa, tukapanda lori, na Mama Odette akakataa katakata kuacha pipa. Shemasi alilikumbatia njia nzima ili lisigonge kinanda, na alipofika Lilongwe suti ya kahawia ilikuwa na kutu upande wote wa kifua. Ukumbini makorali ya wenyeji yalikuwa na majoho, na vinanda vipya, na spika ndefu kama milango. Sisi tulifungua kinanda chetu kutoka kwenye kitenge, halafu tukasukuma pipa mpaka mbele. Ukumbi wote ulicheka. Nilisikia mmoja nyuma yangu akisema wakimbizi wamekuja na maji yao. Alikuwa amesema kweli bila kujua: robo pipa, Mama Odette aliyachota bombani pale nje mwenyewe.

Tulianza polepole. Wanawake watatu wakaitikia. Mimi nikaingia na besi, na sitasema niliingiaje, maana mnaweza kuniona ninajisifu. Nitasema tu kwamba kicheko kilikufa. Mwangwi ulitoka pipani ukapanda mpaka bati, na akina mama wa Lilongwe, wale wa umri wetu, walianza kusimama. Nao walikuwa na ujana wao, na redio zao, na Jumamosi zao. Hawakuhitaji Kiswahili. Sebene ilipofunguka, baba mmoja aliyekuwa anabeba viti alivitua chini akacheza katikati ya njia. Tulirudia wimbo kwa sababu walitukataza kushuka. Wimbo wa kufunga kusanyiko kwa kawaida ni wa wenyeji. Mwaka ule wenyeji waliamua pipa lifunge. Mwenyekiti alitushika mikono mmoja mmoja, zikomo, zikomo, mpaka pipa nalo akaligonga kwa kiganja kulishukuru.

Toka hapo mlango haukufungwa. Makorali ya Lilongwe yalianza kuja kwetu. Yalishuka kwenye minibasi, yakapanda kabaza, watu wazima na majoho yao nyuma ya baiskeli, wakifika wamejaa vumbi wanauliza: pipa liko wapi? Siku moja mimi nilikuwa Chinsapo, mtaa wa Lilongwe, kwa kinyozi, na redio yake ikapiga wimbo wetu. Nikamwambia hicho ni kidole changu. Hakuamini. Nikaipiga besi yote kwa mdomo, sabuni bado kidevuni, mpaka watu wakajaa mlangoni. Kinyozi akasema zikomo, agogo, yaani asante, babu, akaninyoa tena mahali alipokwisha kuninyoa.

Na Vainqueur alirudi, mwaka 2014, na kompyuta yake begani. Kule Lilongwe wateja walikuwa wanamwambia: tunataka kama ile ya Dzaleka, ile ya zamani. Alikuwa ametafuta mwangwi wa pipa ndani ya kompyuta mpaka macho yakawa mekundu. Mama Odette alimpokea mlangoni: "Naftalini imekwisha ku Lilongwe?" Akajibu: "Mama, munisamehe, munifundishe." Hakumnyanyasa. Alimpa kiti karibu na pipa, akamwambia kwanza asikilize, na kompyuta ikae kwenye begi. Baadaye ilitoka kwenye begi, na leo inafanya kazi vizuri, kwa sababu mwangwi bado unatoka pipani na makofi bado yanatoka kwenye kitufe kile kile, ambacho nimekibandika plasta mara nyingi. Kuanzia Jumamosi Vainqueur njo mwenye studio. Naye ameshaanza kubishana na mimi kuhusu besi. Ni dalili nzuri.

Mama Odette, kanisa na Korali Asubuhi Njema wanakushukuru. Vijana wengi hapa hawajaiona Kadutu wala Uvira, lakini wanajua ilikuwa inasikika vipi, na wanajua kwa sababu yako. Uishi vizuri, mama. Ulale mchana. Ukande unga kwa kupenda tu, na beseni uendelee kulipiga, mimi nitakuwa ninapita. Mungu akupe siku nyingi, zote maji robo.

Jumamosi tutapiga ule wimbo wa mwaka 2009, wote, na sebene haitakatwa. Anayefikiri Ciza ameongeza chumvi, akamuulize Mama Antoinette, atakuwa amekaa na wanawake nyuma. Akamuulize pasta, bado ana tai ile. Akamuulize Shemasi René pia, atakuwa mstari wa kwanza na suti yake ya kahawia, kutu haikutoka. Yeye atawaambia haikuwa hivyo. Msibishane naye. Subirini besi iingie, halafu muiname.